Homa ya Soren

Jumanne, 6 Februari
Daktari Venkatraman kapiga simu. Damu ya Soren ni safi! Mwili wake haujawahi kukutana na kirusi kitakachotumiwa kubeba dawa hadi kwenye ubongo wake unaougua, kwa hiyo hautakifukuza. Mwanangu atakuwa mtoto wa kwanza kupewa dawa hiyo. Mara moja tu maishani, mwili ukiikataa hakuna ya pili. Hadi siku hiyo, marufuku wageni. Nimelia jikoni kama mjinga. Ana miaka minne, na jana alisahau neno "maziwa".

Jumapili, 11 Februari
Nilijilaza kidogo tu mchana. Kumbe mama mkwe kamchukua Soren kanisani, kwenye chakula cha pamoja baada ya ibada! "Watu wamemwombea mwaka mzima, Kirsten, hata sura yake hawaijui," kaniambia. Kila aliyeleta bakuli la viazi na nyama kambeba. Nilimjibu vibaya. Garrett anasema mama yake hakukusudia. Hakukusudia! Kirusi hakiulizi nia ya mtu.

Jumatano, 14 Februari
Homa. Kamasi. Garrett anasema ni mafua tu, Minnesota nzima inapiga chafya. Labda. Lakini kirusi kile cha kubebea dawa kiko pia kwa watu, na hupenda kuandamana na mafua, kimyakimya. Naogopa.

Ijumaa, 16 Februari
Homa imeshuka. Garrett kaniomba nisiseme. Tukisema watapima upya, wataahirisha, na Soren anazidi kufifia. Mama mkwe kaacha supu mlangoni, hakubisha hodi.

Jumatatu, 19 Februari
Hospitali. Dawa imetolewa kwenye barafu alfajiri — ikishayeyuka haigandishwi tena. Watu wa maabara wamekuja kumwona Soren, wamejipanga ukutani kama wageni wa harusi. Dada mmoja aliyehangaika na dawa hii tangu kabla Soren hajazaliwa kaniambia hajalala.

Muuguzi akauliza kama kuna lolote lililobadilika tangu damu ipimwe.

"Hapana," akasema Garrett. Akanitazama.

Nami nilitaka kunyamaza. Mungu anajua nilivyotaka. Lakini mwili wake ukiishambulia dawa, unaweza kumuua.

"Alipata homa Jumatano," nikasema.

Daktari katoka na simu yake kuuliza kama waendelee au wapime damu upya. Yule dada wa maabara kamfuata, anatazama saa; dawa inazidi kuyeyuka. Garrett kampakata Soren upande wa pili wa chumba. Nimeomba nimshike kidogo.

"Mwache," kasema Garrett. "Mwache kwanza."

Daktari anarudi, simu bado sikioni. Nafunga daftari.