Dishi Kubwa la Musyoka

Baba,

Musyoka ndiye anayevaa mkanda wako wa kupandia mlingoti. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma, na wewe hukupenda mtu anayezungukazunguka. Mimi, binti yako, nimebaki na funguo za ofisi na simu za wateja wanaolalamika kwamba mtandao umekwama. Yeye uliyemtoa kwenye machimbo ya mawe kule Mlolongo amebaki na mkanda, na umemkaa sawasawa. Hata kwenye mazishi kuna watu waliompa pole kabla yangu. Namwonea wivu, Baba. Sitaficha.

Baada ya wewe kuondoka, upepo ulivunja dishi la hapa nyumbani, lile linaloangaliana na lenzake kule Machakos mjini. Musyoka akafunga jingine, kubwa zaidi. Mtandao ukaja na kasi ambayo Kathiani haijawahi kuiona. Nesi wa zahanati akaniambia, "Huyu kijana amepita hata mzee." Nikatabasamu. Nilipofika nyumbani nilikata sukuma wiki kwa hasira mpaka Mama akaninyang'anya kisu.

Lakini kuna kitu nilikijua. Unakumbuka jioni ile tukila muthokoi, mimi na wewe, Mama akiwa kanisani? Uliniambia masafa ya mawimbi yetu hayalipiwi leseni, kwa hiyo si yetu peke yetu. Kila mtu anayatumia, mradi asizidishe nguvu. Ukasema, "Ukiongeza dishi, punguza redio." Dishi kubwa hukusanya nguvu na kuirusha mbali zaidi, na usipopunguza kwenye redio inayolilisha mawimbi, unawafunika wenzako. Musyoka hakuwepo jioni hiyo. Nilipoona amefunga dishi kubwa na kuiacha redio vilevile, nilidhani hukumfundisha. Nilifurahi, Baba. Nilifurahi sana. Hatimaye kulikuwa na kitu kimoja ulichonipa mimi tu, nami nikanyamaza nacho.

Basi ile shule ya ng'ambo ya bonde, ambayo nayo ina madishi yake kwenye masafa hayohayo, mtandao wake ukaanza kufa. Wakalalamika. Maafisa wa mawasiliano wakaja kutoka Nairobi na vifaa vya kupimia. Musyoka akawapokea kifua mbele, akawaambia redio yetu imeidhinishwa kutumika nchini na wala haihitaji leseni. Afisa mmoja, mama mpole wa makamo, akamjibu kwamba hayo yote ni kweli, lakini kutohitaji leseni si ruhusa ya kupiga kelele kuliko wote. Nguvu ilikuwa imepita kiwango. Wakirudi waikute redio hivyo, wataizima na kuondoka nayo. Na redio ile ikiondoka, zahanati haina mtandao, na kazi uliyotuachia imekwisha.

Musyoka akapanda. Akalisogeza dishi kushoto, akalirudisha kulia, akashuka, akapanda tena. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni pa jikoni nikimtazama, na sitakudanganya, nilikuwa naona raha. Aliposhuka mara ya mwisho alishindwa hata kufungua mkanda. Mkanda wako. Sijui kama nilimhurumia yeye au nilikukumbuka wewe, jinsi ulivyokuwa ukishuka mwaka ule wa mwisho, umechoka na hutaki tujue.

Nikaleta kompyuta. Nikamwonyesha mahali pa kuandika ukubwa wa dishi, ambapo bado palikuwa na lile la zamani. Tukarekebisha, redio ikajua dishi limekua, ikajipunguzia nguvu yenyewe. Kisha nikamuuliza, kwa sauti unayoijua, kwa nini hakuniuliza tangu mwanzo.

Akaangalia chini. "Mzee aliniambia mambo ya nguvu nikuulize wewe. Alisema kwa hayo unamshinda hata yeye. Sasa vile ulikuwa unaniangalia, ningeuliza aje?"

Baba, mbona ulimwambia yeye? Miaka yote nimengoja neno kama hilo, na kumbe alikuwa nalo Musyoka, anazunguka nalo hapa uani nami nikimnunia. Nimelia kwa ajili ya hilo kuliko nilivyolia ukizikwa. Namwonea wivu kuliko mwanzo.

Maafisa walirudi, wakapima, wakatuaga, wakaenda. Shule ya ng'ambo imetulia. Zahanati inasema mtandao umepungua kasi kidogo, na nimewaambia watazoea.

Pumzika sasa. Nakuahidi nitamjibu kila akiuliza, hata siku nikiwa nimenuna. Mkanda abaki nao. Lakini leo akimaliza chai yake hatoki hapa jikoni mpaka anisimulie tena: ulikuwa umekaa wapi uliposema, ulikuwa unacheka au la, na kama ulinitaja kwa jina au ulisema "binti yangu".

Ni mimi,
Mwikali