Sanduku Lililorudishwa Kutoka Msata

Dunda, Bagamoyo
14 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Habiba,

Assalaam alaykum. Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Hujambo wewe na shemeji? Mafua ya Kigoma yamekwisha? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti langu halipendi masika.

Mwanangu Muharami anaoa, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba wiki iliyopita nusura niivunje harusi yake mimi mwenyewe.

Unakumbuka tulivyopeleka sanduku la zawadi za bibi harusi wa kaka Mikidadi: ndugu basi zima, kila mmoja anataka chai njiani, na halua ikafika imebaki karatasi. Safari hii nikasema hapana! Nikakodi kampuni ya kusafirisha mizigo. Wafunge wao, wabebe wao, mimi nikae zangu barazani. Na kusema kweli, Habiba, kazi wanaijua. Marashi hayakumwagika tone, na gari lilifika Msata kabla ya adhuhuri.

Basi kule kwa akina Nasrin, mchumba wake, wanawake wakafanya kama ada: wakafunga mlango, wakaimba kwamba binti yao hatoki, rudini kwenu. Wanangoja kubembelezwa na kupewa kifungua mlango. Dereva, Bwanausi, mambo yetu hayajui. Kaambiwa rudi, karudi!

Muharami akapata ujumbe kwenye simu: mzigo umekataliwa na mpokeaji. Dume zima likakaa sakafuni, linalia. Akazima simu. Nasrin naye kaona sanduku lake linaondoka, anampigia, hampati, akajua ameachwa. Watoto wanapendana wale, na mimi ndiye niliyewatenganisha kwa kukwepa kelele za ndugu.

Gari liliporudi sikukubali lishushe kitu. Nikapanda mbele, goti na yote, nikamwambia Bwanausi ageuze. Pale mlangoni niliimba mpaka sauti ikakauka, naye maskini akiitikia asichokijua. Wakafungua. Nasrin akanikumbatia, akasema, "Mama, nilidhani hamnitaki." Nililia kuliko yeye.

Kampuni nimeiachia viti na maturubai. Hivyo havina moyo wa kuvunjika.

Msalimie shemeji Yusuf na mwanetu Samia. Nikaha ni Ijumaa ya tarehe 25. Nimesikia unataka kutuma zawadi kwa basi. Ikija peke yake, Habiba, nafunga mlango, na mimi sibembelezeki.

Mola akupe safari njema.

Dada yako anayekutandikia kitanda,
Hajra