Timu Haikuwa Imejaa

Jumapili, 1 Juni

Nimemkosea Kirit. Wacha niandike hilo kwanza, halafu niendelee kuanika jezi.

Mazoezi yameisha saa sita. Sisi ni timu ya besiboli ya Wakenya wa hapa London, na mimi ndiye kepteni. Kirit ana duka Kingsbury Road. Alizaliwa Nakuru, amecheza kriketi tangu utotoni. Hakuna kati yetu anayerusha mpira kama yeye. Leo amerusha nasi mazoezini, akaomba kujiunga, nami nimemwambia timu imejaa. Uongo. Nafasi zipo. Otieno na wenzake kwenye timu walininong'oneza kwamba Mhindi akiwa mrushaji wetu mkuu, watu watauliza hii ni Kenya gani. Niliogopa kuvuliwa ukepteni. Basi.

Kirit akasema, "Haina neno, kepteni. Mtu akiumia, niite."

Jumatano, 4 Juni

Shifti ndefu, nyumba ya wazee. Mgongo unauma. Sijampigia Kirit.

Jumapili, 8 Juni

Mechi ya kwanza. Kabla ya kuanza nikawapa wenzangu hotuba, nikiwachochea. Kwamba zamani kule Marekani, mchezo huu ukiwa bado mchanga, watu weusi walifungiwa nje ya ligi kubwa. Wengine walikuwa hodari kuliko waliowafungia. Meneja mmoja alijaribu kumpitisha mchezaji mweusi kama Mhindi Mwekundu, yaani mwenyeji wa asili wa Marekani, wakamshtukia. Na hakukuwa na sheria iliyoandikwa, nikasema. Wenye timu walielewana tu.

Hapo nikakatiza hotuba.

Otieno anapiga makofi. Nyuma yake, kwa nyasi, Kirit na thermosi ya chai. Amekuja kutushangilia.

Tumepigwa vibaya. Mrushaji wetu hakulenga hata kidogo. Kirit akanimiminia chai, akanipa pole. Nikanywa. Aibu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeandika kwa grupu ya simu: Kirit anaingia timu. Moto ukawaka. Otieno akanipigia.

"Mzee, umerogwa? Hii ni timu ya Kenya."

"Kirit amezaliwa Nakuru. Kijana wako amezaliwa hapa Wembley, hata ugali hali, na tunamchezesha."

Akasema, "Huyo akiingia, mimi na wangu tunatoka."

"Tokeni."

Nikakata simu. Sirudi nyuma.

Ijumaa, 13 Juni

Mvua. Grupu kimya, hakuna hata anayetania.

Kesho Jumamosi, Kirit akifungua duka, atanikuta mlangoni. Nitamwambia timu haikuwa imejaa. Kwamba nilimkataa kwa sababu ni Mhindi, na mdomo uliosema ni wangu, si wa Otieno. Nitaomba msamaha hata wateja wakisikia. Akikubali, Jumapili yeye ndiye anayeanza kurusha. Tukikosa watu wa kutosha, wapinzani wachukue ushindi wa bure, na sababu nitamweleza refa mimi mwenyewe.

Akinifukuza, nitatoka. Lakini Jumapili, mbele ya timu, nitasema maneno hayo hayo.