Fishi Iko kwa Mama Mkwe

Ntoto, Walikale

Kaka Kambale,

Niambie kwanza: Mama analala vizuri? Kifua chako kimepona? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haitulii. Jana risasi zilisikika upande wa Masisi, na timu yetu imeamriwa kuondoka kesho asubuhi. Sitaki kuondoka. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Kazi yangu unaijua: kuuliza wanawake kama wanalazimishwa kuzaa. Fomu inauliza, "Je, mume wako amewahi kukuzuia kutumia dawa za uzazi wa mpango?" Ntoto nzima imejibu hapana, na mkubwa wetu akafurahi kwenye simu. Swali hilo ni upumbavu ulioandikwa na watu waliosoma, nami nimelibeba nyumba kwa nyumba wiki mbili.

Furaha, mama wa watoto sita, naye alijibu hapana, mama mkwe wake akichambua maharagwe pembeni. Kisha akanifuata njiani.

"Mama, unauliza vibaya. Bwana yangu iko Bisie anachimba, hajue kitu. Mama yake njo anashika fishi yangu ya kituo cha afya. Anaifunga mu kitambaa ya kiuno."

Bila fishi hiyo, yaani kadi yake ya kliniki, hachomwi sindano ya uzazi wa mpango. Mumewe anarudi wiki ijayo, na mkunga alishamwambia kwamba mimba ya saba itamuua.

Nilirudi kwa yule mama mkwe kumwomba fishi. Alinisikiliza bila kuacha maharagwe yake.

"Nilizaa kumi na moja. Vita imekula ine, nikabaki na saba. Wewe uko na ngapi?"

"Wawili."

"Njo maana uko na wakati ya kuzunguka mu nyumba za watu."

Niliondoka bila fishi, Kaka.

Nikamwendea muuguzi wa kituo, nikamwomba amfungulie Furaha fishi mpya, aandike kwamba ya kwanza imepotea.

"Haikupotea, Mama. Kijiji nzima inajua kwenye iko."

Siku ya sindano ni keshokutwa. Nitaingia na Furaha, nitakaa mbele ya muuguzi huyo, na sitainuka mpaka aandike. Wewe katekista utasema ndoa za watu hazinihusu. Sema. Lakini umeshazika wanawake wangapi waliokufa wakizaa, ukituambia ni mapenzi ya Mungu?

Nisalimie wifi yangu, na mjomba wetu wa dukani. Mama mwambie barabara ni mbaya, risasi usizitaje. Gari la timu linalokuletea barua hii limekuja bila mimi.

Dada yako,
Masika