Gründlich, na Suruali Yangu ya Harusi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, najua umeshaniamkia. Bibi yako mzima, bado anakisema kitambi changu. Jangwani maji ya mafuriko yamekauka.

Unahofia utaondolewa kwenye mafunzo ya uuguzi kwa sababu msimamizi wako Mjerumani amekuita "gründlich", nawe wadhani anakulaumu kwa kukawia. Umeniandikia kwamba huitwa hivyo anayefanya jambo kikamilifu, hata kunawa mikono. Basi mimi nilimjua mmoja: Mzee Salimu, fundi cherehani wa Msimbazi. Asubuhi ya harusi yangu aliifumua suruali yangu mshono wa ndani aushone upya, nami nimesimama na taulo kiunoni.

"Mzee, bibi harusi ataghairi! Huo mshono nani atauona?"

"Hakuna. Lakini si utacheza, bwana mdogo?"

Nikachelewa kanisani, nikanuniwa. Jioni nikacheza mpaka chini, kwa fujo kama mbuzi aliyekata kamba, na mshono ule haukuachia hata uzi mmoja. Jumatatu nikampelekea Mzee Salimu soda, nikamwamkia kwa adabu mpya. Baba yako naye aliivaa suruali hiyohiyo alipomwoa mama yako.

Umesifiwa, mama. Lala usingizi.

Ni mimi babu yako, ambaye suruali yake ile bado ni nzima ila haimpandi tena.