Mashine Iliyojifunza Kalamu Yako

Mama Zuhura,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini kuanza bila shikamoo nimeshindwa. Ungeninunia.

Tangu tukuzike Ujiji, kiti chako mbele ya darubini nakikalia mimi. Wakimbizi wameongezeka kambini, na wanawake wao wanaletwa kwetu kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Zamani vioo vya seli zao tulivisoma sisi wawili, wewe ukinisema: "Mwanangu, seli huchambuliwa kama dagaa wa Kibirizi. Ukiacha mchanga, utautafuna mwenyewe." Sasa niko peke yangu, na vioo vinarundikana.

Ndipo wakaja wataalamu na kamera ya kufunga kwenye darubini, na kompyuta inayofundishwa kutambua seli mbaya. Waliifundisha kwa picha za vioo vyako, yale maboksi ya kabatini, pamoja na majibu uliyoandika. Walipoijaribu kwa vioo vyako vingine, ikapatia karibu vyote. Mganga mkuu akapiga makofi.

Kisha kikaja kioo cha Goreti, mama wa watoto wanne kutoka kambini. Mashine ikasema salama. Nikachungulia, kwa mazoea tu. Viini vya seli vimevimba, vyeusi, vimebanana. Nikaweka nukta ya wino pembeni, kama ulivyokuwa ukitia wewe kwenye kila kioo kibaya, ili daktari asihangaike kutafuta. Nikakirudisha kwenye kamera niwaonyeshe wataalamu. Mashine ikasema hatari! Nikaifuta nukta. Salama.

Mama, haikujifunza seli. Ilijifunza kalamu yako. Nilicheka, halafu nikalia kweli.

Walitaka nisaini ianze kazi wiki ileile, eti kasoro zitarekebishwa mbele ya safari. Nikakataa. Mganga mkuu akaniita mbishi. Ubishi nimefundishwa na nani?

Nimevifuta vioo vyako vyote kwa pamba na spiriti, kimoja kimoja, nikiandika kwanza kila nukta ilikuwa wapi. Iliniuma. Mkono wako ndio uliokuwa umebaki mle maabarani, na mimi ndiye niliyeufuta. Nisamehe. Wamepiga picha upya, wameifundisha upya, na safari hii inakosea sana. Wakubwa wamenuna. Mimi nimefurahi, maana angalau sasa inatazama seli.

Goreti alitibiwa mapema. Alipokuja kuaga alinishika mikono yote miwili akishukuru kwa lugha yao, "Murakoze, murakoze," akauliza kama ni kompyuta iliyomwona. Nikamwambia ni mwalimu wangu, Mungu amrehemu.

Pumzika, Mama. Nakuahidi hili: hata siku mashine itakapojua kuliko mimi, sitatia saini jibu la mwanamke ambaye kioo chake sijakitazama kwa macho yangu. Asubuhi hii wameshuka wengine kutoka kambini, benchi limejaa hadi mlangoni. Nanawa mikono, naanza na wa kwanza.

Mwanafunzi wako,
Asha