Tawi Bichi

Kidodi, Jumanne

Bado sijalala, na si kwa ajili ya nyusi zilizoungua.

Jioni tulichoma shamba letu la miwa ili vibarua waingie kukata kesho. Kazi yangu ni ileile ya kila mwaka: kusimama ukingoni na tawi bichi, kuzima cheche zisivuke kwa jirani. Moto ulipoanza kunguruma nikaliachia tawi. Uso uliniuma, machozi yakanitoka, na bado nilitaka moto usogee karibu zaidi. Niliona raha. Sina neno jingine.

Mume wangu akanivuta mkono. "Mama Neema, unataka nini humo?"

Nikamwambia nilikuwa naangalia upepo.

Tangu biashara iwe ruksa, madukani kumejaa vitenge na sabuni za kunukia, na nilidhani hivyo ndivyo ninavyovitamani. Nikivipata, haipiti wiki nimeshavichoka. Hamu hii ya leo sijui inashibia wapi. Naiogopa kwa sababu haikutaka kitu ila mimi mwenyewe.

Jirani anachoma shamba lake keshokutwa. Nimeshamwambia nitakwenda kumsaidia.

Hakuniomba.